Dawa ya Chupa na Mafuta ya Mimea: Usichanganye Bomani

Mazungumzo ya afisa mifugo na wafugaji siku ya josho

Nawashukuru kwa kukubali kukaa kidogo baada ya kuogesha. Najua jua linapanda na ng'ombe wanataka maji, kwa hiyo sitawachelewesha sana.

Wengi wenu mmeniuliza swali moja, njiani, mnadani na kwenye simu. Je, ni kweli kwamba mafuta ya mimea, kama ya karafuu au ya mkaratusi, yakichanganywa na antibiotiki yanaweza kuua ugonjwa uliokwisha kuizoea dawa? Jibu langu lina sehemu mbili, na naomba mzisikie zote mbili. Maabara imeonekana mara nyingi kwamba yanasaidia. Bomani, usichanganye. Nitaeleza kwa nini majibu haya mawili hayagombani.

Ng'ombe wa mama mmoja

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika kata niliyofanya kazi kabla ya kuja huku, mama mmoja aliniita. Ng'ombe wake wa maziwa, mwenye uzao wa tatu, alikuwa amevimba chuchu moja ya nyuma, na maziwa yake yalitoka na mabonge kama maziwa yaliyokatika. Ulikuwa ugonjwa wa kiwele, bila shaka yoyote. Mimi nilikuwa na chupa ya OTC ya asilimia 10 iliyobaki kidogo, na bomba la sindano la ml 10. Nikamchoma ml 10. Kesho yake nikarudi nikamchoma ml 10 nyingine, chupa ikaisha. Uvimbe ukapungua, mama akafurahi, nami nikaondoka nikijiona fundi.

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe yule alikuwa na kilo 250 hivi. Lebo ya chupa ile ilisema ml 1 kwa kila kilo 10. Alistahili ml 25 kila siku, na kwa siku zaidi ya mbili. Nilimpa chini ya nusu ya dawa yake, tena kwa siku chache. Kipimo changu kilikuwa ukubwa wa bomba, na uzito wa mnyama sikuuangalia.

Baada ya wiki chache kiwele kilivimba tena. Tukachoma tena, kikapoa kidogo. Kiliporudi mara ya tatu, dawa haikufanya kitu. Ndipo kijana wa nyumba ile akaja na habari aliyoisikia, kwamba mafuta ya karafuu yakitiwa pamoja na antibiotiki huvunja nguvu za bakteria sugu. Akaniuliza, "Afisa, tujaribu?" Mimi sikujua. Badala ya kusema sijui, nilisema, "Haitadhuru."

Wakanunua chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, yale ya kupaka jino linalouma. Wakayachanganya na OTC ndani ya bomba, wakaondoa sindano, wakaweka ncha ya bomba kwenye tundu la chuchu, wakasukuma. Usiku ule ng'ombe hakulala, alipiga mateke hadi asubuhi. Kulipokucha upande ule wa kiwele ulikuwa wa moto na mgumu kama jiwe, na kilichotoka kwenye chuchu kilikuwa maji yenye damu. Uhai wa ng'ombe tuliuokoa. Upande ule wa kiwele ulikauka, na hata alipozaa tena haukutoa maziwa.

Nyumba ile ilikuwa na watoto wanne waliotegemea ng'ombe yule. Mama hakunigombeza. Alinikaribisha chai kama kawaida, na chai ile ilikuwa ya rangi. Nimewaletea jambo hili leo ili asiwepo mwingine wa kuambiwa "haitadhuru" na mtu asiyejua.

Jinsi bakteria wanavyokuwa sugu

Ninyi mnaujua ukame. Ukame mkali ukipita, mbuzi dhaifu wanakufa. Wanaobaki ni wale wenye miguu migumu, wanaokula chochote na kuvumilia kiu. Hao ndio wanaozaa, na baada ya miaka michache kundi lako lote limetokana na hao wagumu.

Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Dawa ikiingia mwilini ni ukame kwao. Ikiingia kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoandikwa, inaua wengi, na wachache wanaobaki humalizwa na nguvu ya mwili wa mnyama. Ikiingia nusu, inaua wale dhaifu tu. Wagumu wanabaki na malisho yote ni yao. Mbuzi anasubiri miezi mitano kuzaa. Baadhi ya bakteria, wakipata mahali pazuri, huongezeka mara mbili kila dakika 20. Kwa hiyo kundi jipya la wagumu halichukui miaka, linachukua siku.

Tena wana tabia moja ambayo mbuzi hawana. Bakteria mgumu anaweza kumpa jirani yake siri ya ugumu wake, hata kama si wa ukoo wake. Usugu ukianza kwenye kiwele unaweza kuhamia kwa bakteria wengine, na wengine wao wanafika kwa watu kupitia maziwa mabichi, kinyesi, maji na mikono yetu. Alexander Fleming, mtu aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba kutumia dawa hiyo kidogo kidogo kutawafundisha vijidudu kuizoea. Hatukusikia. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya dawa ya ng'ombe, tunazungumza pia habari ya mtoto mwenye nimonia zahanati.

Mafuta yenyewe ni nini

Mafuta ninayoyasema si ya kupikia. Ni yale yanayobeba harufu ya mmea. Ukifikicha jani la mkalambati, ambao ninyi mnauita oleleshwa, harufu inayobaki mkononi ni mafuta hayo. Ukisugua kivumbasi, ukitafuna karafuu, ukichemsha mchaichai, ni hayo hayo. Mmea unayatengeneza ili kujilinda na wadudu, kuvu na bakteria. Kwa hiyo wazee waliosema kwamba mti wenye harufu kali una dawa ndani yake hawakukosea.

Mafuta haya hutolewa kwa mvuke. Majani yanapitishiwa mvuke wa maji, mvuke unapozwa, mafuta yanajitenga na maji na kukusanywa. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo sana. Ndiyo maana tone moja lina nguvu za majani mengi, na ndiyo maana linaunguza.

Maabara wanaona nini

Bakteria amejizungushia ukuta na utando, kama boma lilivyozungushiwa miiba. Dawa nyingi lazima ziingie ndani ndipo zifanye kazi. Bakteria sugu ana mbinu zake. Wengine wanaziba mianya ili dawa isipite. Wengine wana kitu kama pampu, dawa ikiingia wanaitupa nje. Wengine wanatengeneza kitu cha kuikata dawa kabla haijawafikia. Na wale wanaoleta ugonjwa wa kiwele, hasa wanaoitwa Stafilokokasi, wanaweza kujifunika ute mzito ndani ya kiwele na kujificha humo.

Mafuta ya karafuu yana kitu kinachoitwa yujenoli. Mafuta ya zaatari na ya oregano yana vitu viitwavyo thaimoli na kavakroli. Vitu hivi hupenda kuingia kwenye utando wa bakteria na kuulegeza, ukavuja. Ni kama mtu aliyeng'oa miiba sehemu moja ya boma, sasa simba anaweza kupita. Kwa baadhi ya bakteria mafuta haya yameonekana pia kuidhoofisha ile pampu ya kutupia dawa nje. Ndiyo sababu dawa iliyokuwa imeshindwa huweza kupata nguvu tena.

Wanapimaje? Wana kibao cha plastiki chenye visima vidogo 96, kama bao tunalocheza chini ya mti, ila hiki kina mashimo mengi zaidi. Katika kila kisima wanatia bakteria. Upande mmoja wanapunguza dawa hatua kwa hatua, na upande wa pili wanapunguza mafuta hatua kwa hatua. Kesho yake wanaangalia ni kisima gani bakteria wameshindwa kuota. Wakikuta kwamba robo ya dawa pamoja na robo ya mafuta imefanya kazi ambayo dawa peke yake ingehitaji kipimo kizima, wanasema viwili hivi vimesaidiana.

Lakini sikilizeni hapa. Kibao hicho hicho hutoa majibu mengine pia. Wakati mwingine mafuta na dawa haviongezeani chochote. Wakati mwingine vinapingana, dawa inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa peke yake. Inategemea ni mafuta gani, dawa gani, bakteria gani na kwa kipimo gani. Kijana yule aliposikia kwamba karafuu na antibiotiki vinasaidiana, alisikia jibu la kisima kimoja katika bao zima.

Kwa nini bomani ni tofauti

Sababu ya kwanza ni maziwa yenyewe. Kwenye kibao bakteria wako katika maji ya lishe ya maabara. Ndani ya kiwele kuna mafuta ya maziwa na protini, na mafuta ya harufu hupenda kushikamana na hivyo. Tone lako linamezwa na maziwa kabla halijamfikia bakteria. Ukitaka kulishinda hilo unaongeza mafuta, na ukiongeza mafuta unaunguza nyama ya kiwele. Aliyewahi kupaka mafuta ya karafuu kwenye jino bovu yakagusa fizi anajua moto wake. Ndani ya chuchu ni laini kuliko fizi.

Sababu ya pili, maji na mafuta havichanganyiki. Ukitikisa bomba utadhani vimekuwa kitu kimoja, lakini ukisubiri kidogo vinatengana. Kwa hiyo hujui umesukuma nini kwanza na nini mwisho. Ukichoma mchanganyiko huo kwenye nyama unaweza kuleta jipu, na nyama pale ikaoza.

Sababu ya tatu ni kipimo. Mafuta ya mmea mmoja hubadilika kwa msimu, kwa udongo, kwa umri wa jani na kwa namna yalivyotolewa. Chupa za sokoni nyingine zimeongezwa mafuta ya kupikia. Na ukichemsha majani kwenye sufuria isiyo na mfuniko, ile harufu nzuri inayojaa nyumba nzima ni dawa inayokukimbia.

Sababu ya nne ni tumbo. Wengine wanasema basi tumnyweshe. Tumbo kubwa la ng'ombe linasaga majani kwa msaada wa bakteria wazuri, na mafuta makali yakiwa mengi yatawadhuru hao pia, mnyama ataacha kucheua. Tena mafuta yanaponyweshwa kwa nguvu hupotea njia kirahisi na kuingia kwenye mapafu. Hapo umetoka kwenye ugonjwa wa kiwele umeingia kwenye nimonia.

Sababu ya tano ni siku za kusubiri. Chupa ya dawa ina lebo inayokuambia usinywe maziwa siku ngapi na usichinje siku ngapi. Hiyo siku ilipimwa kwa dawa ile peke yake, kwa kipimo kile, mahali pale pa kuchoma. Ukiongeza mafuta umeifuta lebo. Hakuna anayeweza kukuambia maziwa yale ni salama lini.

Mseto mnaoutumia tayari

Mtaniuliza, "Afisa, kwani kuchanganya dawa ni vibaya?" Hapana. Mseto uliopimwa ni silaha nzuri, na mmeutumia miaka mingi. Chupa ya penstrep ni dawa mbili, penisilini na streptomaisini, zilizowekwa pamoja kwa sababu zinasaidiana. Dawa ya kifua kikuu ni mseto. Dawa ya malaria mnayopewa zahanati inaitwa hivyo hivyo, dawa mseto.

Hiyo ya malaria ina funzo kwa swali letu la leo. Nusu ya mseto ule imetoka kwenye mmea wa Wachina. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walikuta kwamba mmea ule ukichemshwa kwa kawaida, nguvu yake inapotea. Mwaka 1971 walitoa dawa yake kwa njia isiyotumia joto kali, ikafanya kazi. Mwaka 2015 mama yule alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini kati ya mmea na kidonge palipita miaka ya kupima: kiasi gani, kwa siku ngapi, pamoja na dawa gani, kwa mtu wa uzito gani. Mmea ulipata heshima yake kwa sababu ulipimwa.

Na mseto usiopimwa unaweza kuharibu hata kwa dawa za dukani. Penisilini inaua bakteria anapokuwa anakua na kujenga ukuta wake. OTC inamzuia asikue. Ukichoma zote mbili kwa pamoja, OTC inawasimamisha bakteria, na penisilini inakosa pa kupiga. Umelipa chupa mbili, ukapata nguvu pungufu ya moja. Kama dawa mbili zenye lebo zinaweza kukosana hivyo, sembuse dawa na kichupa kisichojulikana kilichomo?

Huko Ulaya, tangu Januari 2006 ni marufuku kuweka antibiotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuikuza tu. Wenye viwanda vya chakula cha nguruwe na kuku wakageukia, pamoja na vitu vingine, mafuta ya mimea kama oregano na zaatari. Wanayaweka kwa kipimo kidogo kinachojulikana ili mnyama mzima abaki mzima na dawa isihitajike mara kwa mara. Hiyo ni kazi tofauti na kusukuma mafuta kwenye chuchu iliyovimba.

Mimea yetu tuifanyeje

Sijaja kuwaambia mtupe mimea. Kina yeyo wanafukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, na moshi ule unapunguza vijidudu ndani ya kibuyu na kuyafanya maziwa yakae. Endeleeni. Kivumbasi cha kufukuza mbu, endeleeni. Supu ya osokonoi na oloisuki ni ya wazee na ina heshima yake, mimi siigusi.

Ninachoomba ni mambo matatu. La kwanza, mmea usiingie ndani ya bomba la sindano wala ndani ya tundu la chuchu. La pili, usipake mafuta makali kwenye kidonda kibichi, jicho au kiwele. Kidonda osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. La tatu, ukiniita, niambie ukweli kama umeshampa mnyama mti wowote, mti gani, kiasi gani na lini. Sitakucheka wala kukugombeza. Nisipojua, naweza kuongeza dawa juu ya kitu kinachopingana nayo.

Mkiona mti ambao kwenu unafanya kazi kweli, tuuandike jina, sehemu inayotumika na ugonjwa wake. Watafiti wetu wa Sokoine kule Morogoro wanahitaji habari kama hizo. Siku mti huo ukipimwa na kupata kipimo, nitakuwa wa kwanza kuuleta hapa joshoni ukiwa na lebo.

Kiwele kikivimba, fanya hivi

Usingoje mabonge. Kila asubuhi kamua matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi, uangalie. Ukiona maji maji, mabonge au damu, ugonjwa umeshaingia. Mimi nina kipimo cha zambarau, tunachanganya na maziwa kidogo kwenye kisahani. Yakiwa mazito kama ute wa yai, kiwele kina tatizo hata kama kwa macho hakijavimba.

Niite kabla ya kuchoma. Sampuli ya maziwa inachukuliwa kabla ya dawa, maana dawa ikishaingia bakteria huwa vigumu kuonekana. Chuchu inasafishwa, matone ya kwanza yanamwagwa, maziwa yanaingia kwenye chupa safi ninayokuja nayo, inakaa kwenye baridi hadi maabara ya veterinari Arusha. Kule wanaweza kujua ni bakteria gani na ni dawa gani inayomuua. Mimi nina cheti, kazi yangu ni kuchukua sampuli vizuri na kufuata majibu. Zamani nilikuwa nabahatisha, na mmeshasikia ng'ombe wa nani aliyelipa.

Wakati tunasubiri, mkamue mgonjwa mara nyingi ili uchafu utoke, na mkamue wa mwisho baada ya wazima wote. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kuhamia ng'ombe mwingine. Maziwa ya chuchu mbovu msimwage penye zizi wala msimpe ndama au mbwa. Yachimbieni shimo.

Dawa ikianza, tupime uzito kwa utepe. Mzunguko wa kifua unatupa kilo kwa kukadiria, na ni bora kuliko macho. Kipimo kikiwa kikubwa kuliko bomba, tunachoma sehemu zaidi ya moja kama lebo inavyosema. Tunamaliza siku zote hata uvimbe ukipungua siku ya pili. Kisha tunahesabu siku za kusubiri, na zinahesabiwa tangu sindano ya mwisho. Chupa moja inaweza kuandika siku 7 kwa maziwa na siku 28 kwa nyama, nyingine ikaandika tofauti. Asiyesoma amwite mtoto wa shule asome. Na maziwa ya watoto yachemsheni, hata ya ng'ombe mzima.

Jambo la mwisho juu ya OTC. Si dawa ya kila kitu. Ugonjwa wa miguu na midomo unaletwa na virusi, na OTC haiui virusi. Inasaidia tu vidonda vikiingiliwa na bakteria. Ndigana kali ina dawa yake nyingine. Kila sindano ya OTC isiyo na sababu ni ukame mdogo mwingine unaowachagua bakteria wagumu. Sindano nzuri kuliko zote ni ile ambayo hatukuihitaji, kwa sababu tuliogesha, tulichanja na tulikamua kwa mikono safi.

Najua kiangazi kinakuja na fedha ni ngumu. Chupa nzima ya dawa ni bei ya mbuzi kwa baadhi yetu, na kichupa cha karafuu ni bei ndogo. Lakini upande wa kiwele uliokauka haununuliwi mnadani. Kama hamna fedha ya kipimo kamili, niambieni mapema tutafute njia, hata kwa kuchangiana chupa majirani wawili wenye wagonjwa wawili. Msigawe nusu nusu.

Mambo ya kushika

1. Mafuta ya mimea yamesaidia antibiotiki maabara, kwa vipimo vinavyojulikana. Bomani vipimo hivyo hatuna.
2. Usitie mafuta wala maji ya mti ndani ya bomba la sindano au tundu la chuchu.
3. Usichanganye dawa mbili za chupa kwa uamuzi wako.
4. Pima uzito, toa kipimo kamili, maliza siku zote.
5. Chukua sampuli kabla ya dawa.
6. Soma siku za kusubiri. Chemsha maziwa.
7. Mwambie afisa mti uliotumia.
8. Ukimuuliza mtu na yeye hajui, aseme hajui. Na mimi pia.

Mwenye ng'ombe wa kiwele leo asiondoke, kipimo ninacho hapa kwenye pikipiki.